Makadirio Yangu ya Miaka Sabini na Mitano

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo leo! Mkuu wetu wa kitengo kastaafu. Ijumaa tulimpa saa ya ukutani na keki, akalia, tukapiga makofi, akaenda zake. Kiti chake kiko wazi. Kiti cha ngozi, magurudumu hayakwami. Chumba chake kina mlango unaofungwa! Mimi nimekaa miaka kumi na tisa kwenye ukumbi mmoja na watu kumi wanaokohoa kwa zamu. Kiti kile ni changu. Ofisi nzima ya takwimu inajua, isipokuwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi hajui kuamua hata aina ya biskuti. Kwa hiyo kaitisha kikao. Kasema hatamteua mtu kwa kumwangalia usoni. Anataka makadirio ya watu wa nchi nzima kwa miaka sabini na mitano ijayo, na si kwa umri na jinsia tu kama tulivyozoea. Anataka na elimu: wangapi watakuwa hawajasoma kabisa, wangapi wameishia shule ya msingi, wangapi sekondari, wangapi wana shahada. Wakubwa wa wizara watakuja kusikiliza Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Anayetaka kiti alete makadirio yake. Yatakayowaridhisha wakubwa, mwenye nayo anahamia kile chumba.

Akauliza nani yumo. Nikanyoosha mkono juu kabisa. Nilijua niko peke yangu. Wapi! Nageuka, namwona Desimali naye kanyoosha.

Desimali ndilo jina nililompa mimi. Dada wa miaka thelathini na moja, ana miaka minne tu hapa ofisini, hajawahi kutaja namba bila kuifunga mkia wa tarakimu tatu. Ukimuuliza saa anakupa na sekunde. Ananiita kaka, kwa heshima zote, na hilo linaniudhi kuliko tusi. Nitamgaragaza vibaya.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yenyewe haina uchawi. Unawapanga watu wote wa nchi kwenye jedwali, kila kundi la miaka mitano na mstari wake, wanaume huku, wanawake kule, kila mtu na elimu yake. Halafu unawasogeza wote mbele miaka mitano kwa mkupuo. Wengine unawaua, wengine unawazalisha, wengine unawapandisha darasa. Unarudia. Mara kumi na tano, umefika miaka sabini na mitano. Yeyote mwenye kompyuta na moyo mgumu anaweza.

Siri ni kuwapendeza wakubwa. Mkubwa hapendi grafu inayoshuka. Mkubwa anapenda grafu inayopanda, hata akiwa haelewi inapanda nini. Basi nikaamua: nchi yangu itasoma! Kuanzia miaka mitano ijayo kila mtoto anamaliza chuo kikuu. Wa kike, wa kiume, mvivu, mtoro, wote. Nikabonyeza. Nikaegemea kiti (hiki cha plastiki, cha muda tu).

Salale! Nilisahau jambo moja dogo. Kwenye jedwali letu mwanamke aliyesoma sana anazaa wachache. Nimewasomesha wote kwa mpigo, na wote kwa mpigo wakaacha kuzaa. Ukifika mwaka wa sabini na tano imebaki theluthi moja ya watu, na katika kila watu kumi, sita wamepita miaka sitini. Shule za msingi zinafungwa kwa kukosa watoto. Nchi nzima ina shahada na haina meno.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Mke wangu ni mkunga, ana miaka ishirini anapokea watoto, na anajiona ndiye anayejua uzazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza katika hiyo nchi yangu yeye atakuwa anamzalisha nani. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema haya, bwana mtaalamu, leo zamu ya vyombo ni yako.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Ni rahisi mno, nashangaa ulimwengu ulikuwa wapi. Nimewaamuru wenye shahada wazae watoto sita sita. Kompyuta haikubisha. Watu wameongezeka, grafu imepaa, nchi imejaa wasomi na watoto wao. Mke wangu kauliza kama kuna hata mmoja wa hao wanawake niliyemuuliza. Nilikula kimya, kwa heshima yangu.

Lakini leo asubuhi mkosi! Nilipokuwa nabandika safu ya wenye shahada, niliianzia mstari wa kwanza badala ya mstari wa tano. Mtu yeyote anaweza kuteleza hivyo. Desimali akapita nyuma yangu. Akasimama. Akasema, kwa ile sauti yake ya kumwamsha mgonjwa, kaka samahani, hapa una watoto wachanga laki tatu wenye shahada. Laki tatu na mia sita arobaini na mbili, akaongeza, kwa kuwa ndiye yeye.

Nikamwambia hayo yanaitwa maono. Akasema ahaa. Akaenda kukaa. Ukumbi mzima ukakohoa kwa pamoja, na safari hii haikuwa mafua.

Nimerekebisha. Lakini sasa wale laki tatu wamehamia kwenye mstari wa wazee na siwezi kuwatoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua Desimali anafanya nini, na nimecheka peke yangu chooni.

Fani yetu ina kanuni moja ambayo kila mtu anaikubali: aliyefika miaka thelathini na tano hajasoma, hasomi tena. Unamweka kwenye safu yake ya wasiosoma, unamsogeza hivyo hivyo miaka mitano mitano, mpaka anatoka kwenye jedwali kwa mlango wa vifo. Ni kanuni safi. Inaokoa muda. Desimali haitaki! Eti anazunguka kwenye madarasa ya watu wazima anaomba daftari za mahudhurio. Eti anataka kujua ni wangapi wanaanza kusoma wakiwa na miaka hamsini, sitini. Eti atawatengenezea safu yao. Safu ya vikongwe wanaosoma a, e, i, o, u! Wakubwa watamcheka mpaka machozi.

Pamoja na hayo, sehemu nyingine za kazi yake ni nzuri. Hilo lazima nikiri hapa, maana hapa hakuna anayenisikia. Vizazi vyake vinakaa sawa, vifo vyake vinakaa sawa, jumla zake zinakaa sawa. Zangu zina laki tatu za wazee wasiojulikana walikotoka.

Basi saa nane mchana Desimali katoka kwenda kula. Rasimu yake kaiacha mezani, waziwazi, mtu hana hili wala lile. Mkurugenzi alikuwa kalala ofisini kwake, mdomo wazi, kama kawaida yake baada ya kula. Ukumbini nilibaki mimi na mama wa chai, aliyekuwa anakusanya vikombe. Mama wa chai si mtu wa kumhofia. Hajui a wala be, kichwani mwake mna majani ya chai tu. Ningeweza kuiba jengo zima mbele yake. Nikakaa kwenye meza ya Desimali, nikanakili jedwali zima, na kwa kuwa macho yangu si mazuri nikawa nasoma namba kwa sauti. Mama wa chai hata hakugeuka.

Safu ya vikongwe nimeitupa. Nyingine zote nimechukua. Na ili asizitambue, nimebadilisha tarakimu ya mwisho ya kila namba. Tatu imekuwa nne, nne imekuwa tano. Akili kichwani!

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda nyumbani nikiinakshi grafu. Nimeipaka rangi ya kijani, mkubwa hakatai kijani.

Ningemaliza mapema kama si mama mkwe. Tunaishi naye mwaka wa pili sasa. Ana miaka sitini na tatu, na tangu mwaka jana kajiandikisha darasa la watu wazima, hapo shule ya msingi ya mtaani, Jumatano na Ijumaa alasiri. Sasa nyumba haina amani. Kila kitu anakisoma. Kasoma mfuko wa chumvi. Kasoma chupa ya dawa ya kikohozi kwa muda wa dakika kumi, na kikohozi kikapona chenyewe. Kidole chini ya neno, midomo inacheza, halafu anageuka kumwangalia kila mtu kuona kama amesikia.

Nilimwonyesha, kwa ukarimu wangu, mahali alipo kwenye makadirio. Wanawake, mstari wa kumi na tatu, miaka sitini mpaka sitini na minne, safu ya wasiosoma. Nikamsogeza mbele mbele ya macho yake: mstari wa kumi na nne, wa kumi na tano, wa kumi na sita, na kwenye hatua ya nne katoka. Akauliza huko anakotoka anakwenda wapi. Nikamwambia hilo liko nje ya jedwali. Akauliza mbona bado yuko kwenye safu ile ile. Nikamweleza kanuni ya miaka thelathini na tano. Akasema, basi, mwanangu. Akarudi kwenye mfuko wake wa chumvi.

Baadaye akaniuliza ninaandika nini kila siku kwenye hili daftari jekundu. Nikamwambia hesabu za kazini. Zamani nilikuwa nalifungia kabatini. Siku hizi naliacha tu hapa kwenye meza ya chakula. Mke wangu hana muda wa kusoma hata ujumbe wa simu, na mama mkwe ndiyo hivyo, kanuni inajieleza.

Jumatano, 12 Machi

Naandika asubuhi, nikiwa nimesimama, kwa sababu ya mama mkwe. Kanikamata mlangoni nikiwa na kiatu kimoja. Eti mwalimu wao kasema wamezoea mno herufi za kuchapwa, leo kila mtu apeleke kitu kutoka nyumbani kilichoandikwa kwa mkono. Eti nimpe karatasi yoyote yenye mwandiko wangu, mwandiko wangu ni mzuri.

Mwandiko wangu kweli ni mzuri. Lakini mtu ana nchi nzima ya kupeleka mbele miaka sabini na mitano, anaambiwa atafute karatasi! Nikamwambia achukue chochote kilichopo mezani. Akashukuru. Wanashukuru kwa vitu vidogo sana, wazee.

Alhamisi, 13 Machi

Daftari langu lina vumbi la chaki kwenye jalada. Ajabu. Na ukurasa wa Ijumaa iliyopita umekunjwa pembe. Panya, nadhani.

Kazini kila kitu kinakwenda vizuri. Desimali alinikuta kwenye ngazi, akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia nililala tayari, nikaamka tayari. Alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwonea huruma kidogo, kisha ikapita.

Ijumaa, 14 Machi

Heshima imeanza! Nilipoingia ukumbini watu wote walinyamaza. Wote kumi. Hakuna aliyekohoa. Mmoja wa wale wa kitengo cha vifo alinyanyuka, akaniinamia, akaniita mheshimiwa. Mwingine akaomba nimsomee namba zangu kwa sauti, maana anapenda sauti yangu. Wanajua upepo unakovuma. Nitawakumbuka nikihamia kule, wengine kwa wema.

Mama wa chai tu ndiye kapungukiwa adabu. Wote kawapa chai, mimi kanipita. Nikamwita, nikamuuliza cha kwangu kiko wapi. Akasema samahani sana bosi, leo majani yameisha, yamebaki ya kichwani tu. Sikuelewa. Watu walicheka, nami nikacheka ili wasinione mgeni. Nikipata kiti, wa kwanza kuondoka ni yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Leo sikutaka kuandika. Lakini niandike, mtu asiseme nilikimbia hata daftari langu mwenyewe.

Chumba cha mikutano, saa nne. Wakubwa wanne kutoka wizarani, wa mbele kabisa mama mmoja mwenye miwani na penseli. Mkurugenzi yuko macho. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Nilianza mimi. Nilisimama vizuri, nikawaonyesha grafu ya kijani, nikawaambia kwamba hii ni kazi ya jasho langu, siku kumi na nne bila kupumzika, bila msaada wa mtu. Nikasema nchi hii inapanda. Mama wa miwani akawa anaandika. Nikadhani ananukuu. Kumbe anajumlisha! Kainua kichwa, kasema kwa mwaka wa ishirini wanawake wangu na wanaume wangu ukiwaweka pamoja, hawafikii jumla niliyoiandika chini. Wanapungua kumi na sita. Mwaka wa ishirini na tano wanazidi tisa. Akauliza hao watu wanakwenda na kurudi kutoka wapi.

Nikasema uhamiaji.

Mkurugenzi akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, ni sauti mbaya. Akaniuliza tena, mbele ya wote, kama nina uhakika kwamba namba zile ni zangu. Nikaapa. Mungu nisamehe, niliapa na mkono nikaupandisha.

Basi akamwita mama wa chai. Yule mama alikuwa pembeni anapanga vikombe. Mkurugenzi akamwambia mama, lete lile daftari lako. Akalitoa chini ya kitoroli. Daftari la shule, lenye jalada la bluu, lina alama ya mwalimu kwa wino mwekundu: tisa kwa kumi.

Kumbe mama wa chai anasoma darasa lile lile la mama mkwe! Kumbe Jumatano mama mkwe alipeleka daftari langu, hili hili, kwa kuwa ndilo lililokuwa mezani! Kumbe lilifunguka Ijumaa ya tarehe saba, na mwalimu akamsimamisha mama mkwe asome, akamsikia kidogo tu, akasema mwandiko huu ni mzuri, wote waunakili! Watu wazima kumi na wawili. Kila mmoja ananimiliki nyumbani kwake kwa nakala.

Mama wa chai akasimama, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma. Taratibu, kwa vituo, akirudia alipokwama. Ni-me-ju-a. De-si-ma-li. Hakuruka kitu. Alisoma habari ya mdomo wazi wa Mkurugenzi. Alisoma habari ya kichwa chake mwenyewe na majani ya chai, akasimama hapo kidogo, akanitazama, akaendelea. Alisoma tatu imekuwa nne, nne imekuwa tano. Ilichukua robo saa. Hakuna mtu aliyemharakisha. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini tuko ghorofa ya tatu.

Alipomaliza, mama wa miwani akamuuliza ana umri gani. Hamsini na sita. Alianza kusoma lini? Mwaka jana mwezi wa tano. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwenye jedwali langu mama huyu nimemweka mstari gani.

Nimemweka kwa wasiosoma, mpaka anakufa. Na bado alikuwa amesimama pale, kidole kwenye daftari.

Desimali akaonyesha yake. Wasiosoma wake wanapungua kuliko wangu, kwa sababu wengine wanaanza kusoma wakiwa watu wazima, wachache kila hatua, elfu chache hapa, elfu chache pale. Safu yao ipo. Namba zinajumlika. Grafu hata hakuipaka rangi! Wakubwa wakainama wote wanne kuiangalia. Kiti kakipata saa sita na dakika tano. Kabla ya kutoka alinipa mkono, akasema pole kaka. Afadhali angenizaba kofi.

Nyumbani nilitaka kugombana na mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia kaniharibia maisha. Akasema nilimwambia achukue chochote kilichopo mezani. Mke wangu akasema ndiyo, hata yeye alisikia. Nikauliza tena kwa ukali, kwa nini hakuniambia alichosoma. Mama mkwe akasema yeye hakuwa anatafuta habari za ofisini. Alipopewa asome, alitaka kuona kama na yeye nimemwandika. Akaenda kurasa za mbele, polepole, mpaka akajikuta Jumapili. Akasema, "Umeandika nimetoka kwenye hatua ya nne, mwanangu. Sawa, kufa nitakufa. Lakini umeniua sijasoma. Na nilikuwa nimekaa hapo mbele yako nasoma."

Akaenda chumbani kwake.

Nilisikia kitu kifuani. Kilikaa muda mrefu, kizito, mpaka nikaketi. Mke wangu aliniangalia, kwa mara ya kwanza leo bila kunicheka. Nadhani ni gesi.

Jumanne, 18 Machi

Barua imetoka. Imesainiwa na Mkuu mpya wa Kitengo, kwa niaba ya Mkurugenzi. Kuanzia kesho naenda kwenye madarasa yote ya watu wazima ya mji huu kuorodhesha wanafunzi: umri, jinsia, tarehe ya kuanza, anasoma nini sasa. Ni kwa ajili ya ile safu. Nitakaa kwenye madawati ya watoto, magoti kwenye kidevu, nikiandika vikongwe!

Naanzia hapa mtaani kwetu. Mama mkwe kashasema atanishikia nafasi.

Jumatano, 19 Machi

Nimefika nikiwa na fomu na kalamu. Darasa zima likasimama kunipokea, likasema kwa pamoja, shikamoo mheshimiwa. Mwalimu akaniomba nisiandike haraka, wanafunzi wake wanapenda mwandiko wangu. Mama wa chai alikaa dawati la mbele. Nikamuuliza umri, akanijibu. Nikamuuliza anasoma nini sasa. Akasema amemaliza kile kitabu cha kwanza, siku hizi anasoma daftari za watu.

Kumi na wawili nimewaandika. Mwandiko niliufanya mbaya kwa makusudi.

Ijumaa, 21 Machi

Wazo! Wazo kubwa, la kwangu, halijatoka kwenye meza ya mtu. Nilikuwa ninakosea kitu kimoja tu tangu mwanzo: nilikuwa nakadiria nchi. Nchi ni kubwa mno. Kwa nini nisikadirie ofisi?

Nimerudi mapema, nimekaa, nimechora jedwali. Wafanyakazi wote, umri wao, elimu yao. Waajiriwa wapya sikuweka, hawatakuwa na uzoefu. Mimi nina miaka arobaini na saba, nimejiweka mstari wangu, shahada yangu kwenye safu yake. Kisha nikaanza kuwasogeza miaka mitano mitano, mmoja mmoja, wote. Kasoro mimi mwenyewe, bila shaka, maana mimi ndiye niliyekuwa nawasogeza.

Hatua ya kwanza tu, Mkurugenzi nje, kastaafu. Hatua hiyo hiyo, mama wa chai nje. Hatua ya tatu na ya nne, wanaokohoa wanaondoka kwa makundi, yule wa vifo naye nikamsukuma kwa raha zangu. Hatua ya sita, hesabu haidanganyi, Desimali ana miaka sitini na moja. Kwaheri, dada! Saa ya ukutani na keki!

Mwaka wa thelathini ofisi nzima ya takwimu imebaki na mtu mmoja. Ana miaka arobaini na saba, ana shahada, ana nguvu zake zote, na hana mpinzani. Nimejumlisha mara tatu. Inakaa sawa kabisa, hakuna hata mtu mmoja aliyepungua.

Mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu. Akaisoma karatasi yote kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, na safari hii hakukwama popote. Akaniuliza mbona wenzangu wote wanazeeka, mimi sizeeki. Nikamwambia kwa upole kwamba kusoma sasa anajua, hilo nimekubali, lakini makadirio ni fani ya watu.

Akasema, basi, mwanangu.

Nimeipaka kijani. Jumatatu asubuhi namwekea Mkurugenzi mezani, na chini nimemwachia nafasi ya kusaini.